Korona na mimba: mtoto huumia kupitia mama yake

Koni, upande wa Likasi, inajulikana kwa mto Lufira na kwa umeme. Maji yakishatoka Mwadingusha hushuka hadi Koni, huzungusha mashine nyingine, na nguvu yake hupelekwa na nyaya kubwa kuelekea mijini na migodini. Ndivyo ilivyokusudiwa tangu siku za Union Minière. Wakaaji wa vijiji vya Kongo wanajua vizuri kwamba waya mkubwa unaweza kupita juu ya kijiji bila kuwasha hata taa moja chini yake. Tunaanza na umeme kwa sababu tunataka kuzungumza juu ya pumzi. Katika miaka ya korona tulijifunza kwamba pumzi ya mama mjamzito inaweza kutegemea mashine ndogo inayochuja oksijeni kutoka hewani, na mashine hiyo bila umeme ni sanduku tu.

Wamama katika makutaniko yetu wanatuuliza swali moja kwa namna nyingi. Nikishikwa na korona nikiwa na mimba, mtoto atakuwaje? Atazaliwa nao? Atazaliwa kilema? Nitaruhusiwa kumnyonyesha? Ugonjwa huu Shirika la Afya Duniani liliuondoa katika hali ya dharura tarehe 5 Mei 2023, lakini virusi vyenyewe havikuondoka duniani, na mimba hazikuacha kuja. Kwa hiyo swali bado ni la leo.

Jibu letu kwa ufupi ni hili: mara nyingi virusi havimfikii mtoto tumboni. Kinachomfikia ni shida ya mama yake. Mama akikosa pumzi, mtoto anakosa. Damu ya mama ikiganda mahali isipotakiwa, chakula cha mtoto kinapungua. Na mama akitengwa na mtoto kwa sababu ya hofu, mtoto anapoteza maziwa na joto, vitu viwili ambavyo hana pengine pa kuvipata. Mambo mengine tutakayosema ni maelezo ya jibu hilo.

Jinsi habari zilivyokuja polepole

Mgonjwa wa kwanza wa korona katika Kongo alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Siku nane baadaye Rais Tshisekedi alifunga shule na makanisa. Kabla mwezi haujaisha, jimbo la Haut-Katanga lilikuwa limeamriwa kukaa nyumbani kwa muda wa saa 48, na nchi nzima ilikuwa chini ya sheria ya dharura. Makanisa hayakupewa ruhusa ya kukusanyika tena hadi Agosti.

Katika miezi ile, mazungumzo yote yalikuwa juu ya wazee, wenye kisukari na wenye presha. Wajawazito hawakutajwa sana. Habari za kwanza kutoka ng'ambo zilikuwa za wamama wachache tu, na wengi wao walipona, basi watu wakatulia. Tunaweza kusema sasa kwamba utulivu ule ulikuwa wa mapema mno.

Mwaka wa 2021 hesabu kubwa zilianza kutoka. Moja iliyofanywa katika hospitali 43 za nchi 18 ililinganisha wajawazito waliokuwa na korona na wenzao wasiokuwa nayo, waliokuwa chini ya paa lile lile la hospitali. Wenye korona walipata zaidi kifafa cha mimba na dalili zake, walilazwa zaidi katika chumba cha wagonjwa mahututi, na walizaa zaidi kabla ya wakati. Lakini wengi wa wamama wale hawakuwa wa Afrika, na mtu wa Likasi angeweza kusema: hayo ni ya kwao.

Ndiyo maana uchunguzi ulioongozwa na Mkongomani, Profesa Jean Nachega, una uzito wa pekee kwetu. Yeye na wenzake walikusanya habari za wanawake 1,315 waliolazwa katika hospitali za nchi 6: Kongo yetu, Uganda, Kenya, Ghana, Nigeria na Afrika Kusini, kuanzia Machi 2020 hadi Machi 2021. Matokeo yake yalitolewa mwaka wa 2022. Waliwaweka wanawake katika mafungu matatu: wenye mimba na korona, wenye korona bila mimba, na wenye mimba bila korona. Walichokiona ni kwamba kila kimoja cha mambo hayo mawili kiliongeza hatari kwa upande wake. Kati ya wanawake waliokuwa na korona, hatari ya kufa hospitalini kwa mwenye mimba ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya asiye na mimba.

Mwaka wa 2023 hesabu ile iliunganishwa na nyingine, zikawa nchi 12 na wajawazito zaidi ya 13,000. Hapo ilionekana kwamba mjamzito mwenye korona alikuwa na hatari ya kufa karibu mara saba kuliko mjamzito asiye nayo. Pia alikuwa na hatari kubwa zaidi ya kuzaa mtoto ambaye siku zake hazijatimia.

Tuseme wazi kitu kimoja ili tusiwatishe wamama bure. Uchunguzi wa Profesa Nachega ulifanywa kwa wanawake waliolazwa hospitalini. Haumhusu sana mama aliyekohoa siku tatu nyumbani akapona, na wamama kama huyo ndio wengi. Mara saba ya kitu kidogo inaweza bado kuwa kidogo. Ila kwetu kitu hicho si kidogo: kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020, katika Kongo walikufa wamama zaidi ya 500 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Korona ililiongezea mzigo gari lililokuwa tayari limejaa.

Kwa nini mimba inaongeza ukali

Mimba yenyewe si ugonjwa, lakini inabadilisha mwili kwa namna ambayo korona inaipenda. Tumbo la uzazi likikua linasukuma juu ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, na nafasi ya mapafu kupanuka inapungua. Wakati huo huo mwili wa mama unahitaji oksijeni zaidi, kama sehemu moja ya tano juu ya kawaida yake. Kwa hiyo mjamzito anaishi na akiba ndogo ya pumzi. Mtu mwingine akipata nimonia ana muda wa kuteremka polepole. Mjamzito anaweza kuteremka kwa ghafla, na mara nyingi katika miezi mitatu ya mwisho.

Jambo la pili ni kinga. Mwili wa mama unapaswa kumvumilia mtoto, ambaye nusu yake ni ya baba. Kinga yake inajipanga upya ili isimshambulie. Haizimwi, kama wengine wanavyosema, lakini inapigana na magonjwa ya mapafu kwa namna tofauti. Hata homa ya mafua ya kawaida huwa kali zaidi kwa wajawazito.

La tatu ni damu. Mungu amemwumba mwanamke ili asimalize damu yake siku ya kuzaa, na kwa hiyo katika mimba damu huganda kwa urahisi zaidi. Korona nayo huwasha ngozi ya ndani ya mishipa na kufanya damu igande. Mambo hayo mawili yakikutana, vidonge vya damu vinaweza kuziba mshipa wa mguu, au wa mapafu, au mishipa midogo ya kondo la nyuma.

Hapo kwenye kondo ndipo habari ya mtoto inapoanzia. Kondo la nyuma, ambalo wauguzi wetu huliita plasenta, ni mlango na ukuta kwa pamoja. Kwa kawaida linavizuia virusi hivi visipite. Ndiyo maana watoto wachache sana huzaliwa wakiwa wameambukizwa. Lakini ukuta wenyewe unaweza kujeruhiwa. Kwa baadhi ya wamama kondo lilikutwa limevimba na kujaa damu iliyoganda, sehemu yake kubwa imekufa. Mtoto wa mama kama huyo hakuguswa na virusi, ila alikosa hewa na chakula.

Kule Marekani walihesabu uzazi zaidi ya milioni 1.2 wa hospitalini, kuanzia Machi 2020 hadi Septemba 2021. Kwa wamama wasio na korona, watoto waliozaliwa wakiwa wamekufa walikuwa 0.64 kwa kila mia. Kwa wenye korona walikuwa 1.26, yaani karibu mara mbili. Katika miezi ya Delta, ile aina kali iliyofika hata kwetu katikati ya 2021, hatari ilikuwa mara nne. Mama aliyefiwa na mtoto tumboni katika miezi ile, na ambaye majirani walimnong'ona kwamba amefanya jambo fulani au amerogwa na fulani, anastahili kusikia hesabu hii.

Kuhusu ulemavu, tunaweza kuwapa wamama faraja. Korona haikuonekana kuwa ugonjwa unaoharibu viungo vya mtoto tumboni kama rubela inavyofanya. Hatari kubwa ni kuzaliwa mapema, kuzaliwa na uzito mdogo, na kufa tumboni.

Homa si jina la ugonjwa

Katika Haut-Katanga mjamzito akiwa na homa, watu wote wanajua jina lake: malaria. Na mara nyingi wanasema kweli. Shida ni kwamba korona pia huanza na homa, kichwa kuuma na mwili kuchoka. Tulipokuwa na hofu ya korona, wengine waliona kila homa kuwa korona na kuacha kupima malaria. Hofu ilipokwisha, wengine wakarudi kuona kila homa kuwa malaria. Njia zote mbili zinaua. Mjamzito mwenye homa apimwe malaria siku ile ile. Ikionekana, atibiwe, lakini kama anakohoa na kupumua kwa shida, kuonekana kwa malaria hakuondoi uwezekano wa kitu kingine kifuani. Malaria inapunguza damu, na damu haba hubeba oksijeni haba. Mwenye magonjwa yote mawili anabanwa pande mbili. Kwa hiyo chandarua, dawa ya kuzuia malaria inayotolewa katika CPN, na vidonge vya madini ya chuma ni kinga ya korona pia kwa njia ya kuzunguka.

Vivyo hivyo presha. Kichwa kinachouma sana, macho kuona ukungu au nyota, uso na mikono kuvimba, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu: hizo ni dalili za kifafa cha mimba kinachokaribia. Uchunguzi wa zile nchi 18 ulionyesha kwamba hata wajawazito wenye korona ambao hawakukohoa wala kuwa na homa walipata shida hii zaidi kuliko wengine. Mama aliyewahi kuambukizwa katika mimba asiseme, "Nimepona, basi." Arudi CPN, presha yake ipimwe na mkojo wake uangaliwe hadi siku ya kuzaa na majuma ya kwanza baadaye.

Na ile mashine ya oksijeni? Kituo kidogo cha afya pengine hakina, ila kifaa kidogo kinachobanwa kwenye kidole kinaweza kuwapo, na hicho kinatumia betri tu. Kinaonyesha namba. Mtu mzima mwenye afya, mahali kwetu, huwa na 95 au zaidi. Kwa mjamzito madaktari hawataki namba iteremke chini ya 92, na wengi huanza kuwa na wasiwasi chini ya 95, kwa sababu mtoto naye anapumua kutoka katika namba hiyo. Mama anaweza kuwa bado anazungumza na kutembea huku namba imeshuka. Kwa hiyo asihukumiwe kwa macho. Akisubiri kusafirishwa asilazwe chali. Tumbo litabana mshipa mkubwa wa damu. Alale kwa ubavu wa kushoto au akae ameegemea.

Safari ndiyo inayoua kwetu. Kutoka Likasi hadi Lubumbashi ni kama kilomita 120 za barabara nzuri, lakini kutoka kijijini hadi Likasi ni habari nyingine, hasa wakati wa mvua. Tunawashauri wamama wenye kitemo katika makanisa waweke fungu moja lisiloguswa kwa ajili ya usafiri wa mzazi, na wajue mapema ni nani mwenye gari au pikipiki atakayeamshwa usiku. Kutafuta fedha wakati namba ya kidole imefika 88 ni kuchelewa.

Mtoto amezaliwa: asiondolewe kwa mama

Hapa tunataka kukaa kidogo, kwa maana hapa ndipo hofu ilipofanya madhara makubwa kuliko virusi.

Mwaka wa 2020, katika hospitali nyingi za dunia, mtoto wa mama mwenye korona aliondolewa mara tu baada ya kuzaliwa. Walipoulizwa wafanyakazi wa afya wa nchi nyingi, karibu nusu walisema kwamba hivyo ndivyo walivyokuwa wakifanya. Nia ilikuwa njema. Lakini Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshasema mapema mwaka ule kwamba mama mwenye korona anyonyeshe na akae na mtoto wake. Hesabu iliyokusanya watoto zaidi ya 14,000 waliozaliwa na wamama wenye korona ilikuta chini ya 2 kati ya kila 100 wameambukizwa, na wengi wa hao waliugua kidogo tu au hawakuugua kabisa.

Lichukueni jambo hili kwa mizani. Mtoto mdogo aliyezaliwa kabla ya wakati anahitaji joto. Palipo na mashine ya joto na umeme usiokatika, ni vizuri. Pasipo na hivyo, kifua cha mama kinatosha: mtoto avuliwe, abaki na nepi na kofia tu, afungwe ngozi kwa ngozi kati ya maziwa ya mama kwa kitenge, mchana na usiku. Njia hiyo ilianzishwa na madaktari wa Bogotá, Colombia, mwaka wa 1978, walipokosa mashine za kutosha, na jina lake lilitolewa kwa kangaruu, mnyama anayebeba mtoto mfukoni. (Bibi zetu hawakuwa na haja ya mnyama wa Australia ili kujua kufunga mtoto, ila wao walifunga mgongoni.) Wachunguzi walipiga hesabu mwaka wa 2021: kama njia hiyo ingefikia watoto wote wanaoihitaji, ingeokoa zaidi ya watoto 125,000. Watoto wachanga ambao wangekufa kwa korona waliyoipata kwa mama zao hawakufika 2,000. Anayemtenga mtoto njiti na mama yake ili kumwokoa na korona anamtoa kwenye hatari ndogo na kumweka kwenye hatari kubwa sana.

Maziwa nayo ni hivyo hivyo. Virusi vinavyoishi havikuonekana kupita katika maziwa ya mama; kinachopita ni askari wa mwili, chembe za kinga ambazo mama amezitengeneza dhidi ya ugonjwa ule ule. Maziwa ya kopo yanahitaji maji safi, moto na fedha kila siku. Mahali ambapo kipindupindu kinarudi mara kwa mara, na katika Katanga tunakijua, kopo si usalama.

Mama mwenye korona afanye hivi tu: anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa mtoto, afunike mdomo na pua anaponyonyesha, kwa barakoa au kwa kitambaa safi kama barakoa haipo, na asimkoholee usoni. Kitambaa kikilowa abadilishe. Akikosa kitambaa bado anyonyeshe. Akiwa mgonjwa sana hata asiweze kumshika mtoto, asaidiwe kukamua maziwa, na ndugu mwenye afya amnyweshe mtoto kwa kikombe safi na kijiko. Siku atakapopata nguvu amrudishe kifuani. Maziwa yaliyopungua hurudi kama mtoto ananyonya mara nyingi.

Wa kumwangalia ni mtoto anayekataa kunyonya, anayepumua haraka kupita mara 60 kwa dakika, anayevuta mbavu ndani, anayechemka au anayekuwa baridi, au anayeshtuka na kukakamaa. Huyo apelekwe bila kungoja asubuhi, awe mama ana korona au hana.

Chanjo, na maneno yaliyosemwa mimbarani

Sisi watu wa mashariki tuliwahi kupita katika swali hili kabla ya korona. Ebola iliyotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ikaenea Ituri na kuua watu 2,287 kabla ya kwisha Juni 2020, ilikuja na chanjo. Mwanzoni wajawazito na wanaonyonyesha walikatazwa kuipata, kwa kuwa haikuwa imejaribiwa kwao. Lakini Ebola kwa mjamzito ilikuwa karibu hukumu ya kifo kwa mtoto, na mara nyingi kwa mama pia. Madaktari wengi walilalamika kwamba kumlinda mama asipate chanjo ni kumwacha apate ugonjwa. Mwaka wa 2019 mlango ulifunguliwa, wamama wa Beni na Butembo wakaanza kuchanjwa.

Kwa korona mambo yalijirudia. Kongo ilipokea dozi milioni 1.7 za AstraZeneca tarehe 2 Machi 2021, ikaanza kuchanja Kinshasa tarehe 19 Aprili, na kwa kuwa watu wachache walijitokeza, dozi milioni 1.3 zilipelekwa nchi nyingine kabla hazijaharibika. Watu walisema chanjo inafunga kizazi. Wengine walisema ni alama ya mnyama. Maneno hayo hayakubaki sokoni. Yalifika hata katika baadhi ya mimbara zetu, na tunaona kwamba wahubiri wengine walisema zaidi ya walichokijua. Mchungaji anapozungumza juu ya dawa, mama mjamzito hasikii maoni ya mtu. Anasikia neno zito.

Yaliyoonekana baadaye ni haya. Scotland ilifuatilia wajawazito wake wote kuanzia Desemba 2020 hadi Oktoba 2021. Kati ya wale walioingia katika chumba cha mahututi kwa sababu ya korona, 98 kwa kila 100 walikuwa hawajachanjwa. Watoto waliokufa tumboni au muda mfupi baada ya kuzaliwa, mama zao wakiwa wameambukizwa katika siku za mwisho za mimba, wote walikuwa watoto wa wasiochanjwa. Chunguzi nyingi za wajawazito waliochanjwa hazikuona mimba zikitoka zaidi, wala kizazi kikifungwa. Na kuna faida ambayo mama hawezi kuinunua popote: askari wa kinga hupita kwenye kondo na kumfikia mtoto, ambaye mwenyewe hachanjwi korona katika miezi yake sita ya kwanza. Mjamzito amwulize muuguzi wa CPN ni chanjo gani ipo katika ukanda wake wa afya, na kama inamhusu.

Tukumbuke pia kwamba hofu ilifunga milango mingine. Kinshasa, mtaa wa Gombe ulipofungwa Aprili 2020, watu walipungua sana katika vituo vya afya vya hapo. Mama anayekosa CPN miezi miwili anakosa kupimwa damu, presha, virusi vya ukimwi, na dawa ya malaria. Ikija tena siku ya kufunga barabara, viongozi wa makanisa wanaweza kudai kwa sauti jambo hili moja: mjamzito awe na ruhusa ya kupita, mchana na usiku, bila kulipa kitu njiani.

Limebaki jambo dogo ambalo wamama wanasita kulisema wenyewe. Kwetu mtoto akizaliwa nyumba hujaa. Ndugu, majirani, wamama wa kwaya, wote wanataka kumshika na kumbusu. Wageni kumi wanaleta vikohozi kumi, na mtoto wa siku tatu hajui kujikinga na hata kimoja, si cha korona wala cha mafua mengine yanayojaza wodi za watoto. Baba wa nyumba au bibi wa mtoto ndiye anayefaa kusimama mlangoni, kwa kuwa mzazi mwenyewe ataona haya kumkataza mtu. Mwenye kukohoa asiingie. Wengine wanawe mikono, wamwangalie mtoto bila kumbeba, wasikae sana. Sabuni, unga na kitenge vinaweza kupokelewa uani, na maombi pia yanaweza kufanywa huko huko, chini ya mwembe.